Kaka Mmoja, Dada Wawili

Shangazi yangu Dina hakuficha kwamba alikuwa mtu wa wivu. Wengine huupa majina mengine, wakauita uchungu au haki yao. Yeye aliniambia waziwazi, tumekaa jikoni kwake Malindi, ile ya milimani Lushoto, si ya pwani, tunamenya viazi, kwamba wivu ulimwingia akiwa na miaka kumi na mitano, asubuhi moja ya Agosti yenye ukungu, Uhuru haujatimiza hata mwaka. Na aliyemwonea wivu ni mtoto wa miaka minane, binti wa Kihindi jina lake Hansa. Sababu ilikuwa baba yangu, Mika.

Babu yangu Kristofa alikuwa fundi cherehani. Alitoka Mlalo akateremka Lushoto mjini, akaweka cherehani yake kwenye baraza ya duka la Mzee Ratilal. Vitambaa vilitoka dukani, nguo zilitoka barazani, na familia mbili zikaishi ua mmoja: wenye duka nyumba ya mbele, babu na watoto wake chumba cha nyuma. Bibi yangu Raheli alifariki wakati baba ana miaka miwili na Dina ana tisa. Dina aliacha shule akiwa darasa la tatu ili amlee. Alimbeba mgongoni akienda kisimani, akambeba akipika, akambeba akienda kanisani, mpaka wageni mjini wakadhani ni mama aliyezaa mapema sana. Jina la kwanza baba alilolitamka vizuri lilikuwa Dina. Kwa Kishambaa ndugu wa kike na wa kiume huitana lumbu, na Dina alilitamka neno hilo kama mtu anayetaja mali yake.

Mama Hansa, mke wa Mzee Ratilal, alizaa watoto wanne, akabakiwa na mmoja, Hansa. Ndani kwao palikuwa na kabati dogo la mbao lisilo na milango, na humo aliketi mungu wao Krishna katika umbo la mtoto mchanga, sanamu ya shaba isiyozidi urefu wa kiganja. Kila asubuhi Mama Hansa alimwosha, akamvisha, akamwashia utambi wa samli na kijiti cha udi, akamwekea maziwa na sukari. Nguo zake alizishona babu kwa vipande vya hariri vilivyobaki. Babu alikuwa Mlutheri wa kukaa benchi la mbele, lakini alisema hajapata mteja mpole kama yule, maana hajawahi kulalamika kwamba nguo inambana.

Kila mwaka mwezi ukiwa mpevu katika Agosti, Wahindi wa dini yao walikuwa na siku ya dada na kaka. Dada humfunga kaka yake uzi kwenye mkono wa kulia na kumwombea heri, na kaka anaahidi kumlinda dada yake maisha yote. Hansa hakuwa na kaka. Kwa hiyo uzi wake aliufunga kwenye kile kikono cha shaba cha sanamu, kama wafanyavyo wasichana wao wasio na kaka. Mwaka ule alikataa. Alimwambia mama yake kwamba Krishna ana nyuzi za kutosha kutoka kwa dada wengine duniani, na kwamba yeye anamtaka kaka anayeweza kukimbia.

Mama Hansa akaenda barazani kumwomba babu ruhusa ya Hansa kumfunga Mika uzi. Babu hakusimamisha hata cherehani.

"Mimi naishi kwa uzi, Mama Hansa," alisema. "Haujanidhuru bado. Mfungeni."

Dina alikuwa anaingia uani na ndoo ya maji kichwani. Alimwona Hansa amepiga magoti mbele ya Mika na sinia dogo. Hansa alichovya kidole kwenye poda nyekundu, akamtia Mika doa kwenye paji la uso, akabandika juu yake punje mbili tatu za mchele. Akaizungusha taa ya samli mbele ya uso wake. Akamfunga uzi mwekundu wenye kishada cha rangi ya dhahabu, kisha akamtia mdomoni ladu, kitamutamu chao cha mviringo. Mama Hansa akaeleza kwamba sasa imebaki zawadi, kaka naye humpa dada kitu. Mika akakimbia chumba cha nyuma, akarudi na chanuo la mti.

Chanuo hilo alikuwa analichonga tangu Julai. Dina alijua, kwa sababu ndiye aliyekuwa akifagia mabaki ya mti chini ya kitanda, akijifanya hayaoni. Alikuwa na hakika ni lake. Nywele za Hansa zilikuwa laini na ndefu, na chanuo lenye meno mapana kama lile halikuwa na kazi kichwani kwake. Dina alishusha ndoo, akaingia ndani, akakaa kitandani. Aliniambia hakulia. Alihisi tu kama kuna mtu ameingia nyumbani kwao mlango ukiwa wazi, akachukua kitu, akaaga kwa adabu na kuondoka nacho.

Wiki ile ile alichukua uzi mwekundu kwenye cherehani ya babu, akausokota mara tatu, akamfunga Mika mkono wa kushoto. Mika alimuuliza ni wa nini. Dina akajibu kwamba ni wa kumkumbusha. Mika akauliza umkumbushe nini, na Dina akakaza fundo. Kesho yake mtoto aliukata kwa meno akisema unabana, huku ule wa kulia ukibaki mpaka ukapauka.

Basi ikawa hivyo kila Agosti. Mwaka wa tatu Dina alikwenda kwa mwalimu wa shule ya Jumapili, akamwambia kwa sauti ya huzuni kwamba mdogo wake anavaa hirizi ya Kihindi. Mika akasimamishwa mbele ya watoto wenzake, akaukata uzi kwa mkasi wa mwalimu. Alirudi nyumbani, akamwomba Hansa msamaha kana kwamba kosa ni lake. Tangu hapo Hansa alimfunga asubuhi na Mika akaufungua jioni, akautia mfukoni. Nani alisema, Mika hakujua, na Dina aliendelea kumpikia uji kama kawaida. Lakini wivu haukushiba. Aliniambia kwamba ulikuwa kama mgeni ambaye kadiri unavyompakulia ndivyo anavyokaa.

Mwaka wa sitini na sita Dina aliolewa na Danieli, mkulima wa Malindi, mtu mpole asiye na maneno mengi. Alidhani kukaa mbali ni dawa. Haikuwa. Akiwa shambani kwenye kabichi alijikuta anahesabu miezi, na Agosti ikifika alijua siku, na alijua mtoto wake, ndivyo alivyomwita bado, amekaa barazani mkono ameunyoosha.

Babu alifariki mwaka wa sabini. Mika, kijana wa miaka kumi na sita, alijiunga na vijana waliokwenda kuanzisha kijiji cha ujamaa kule Handeni, na kwa kuwa alikulia dukani akapewa kutunza duka la kijiji. Barua zake zilikwenda kwa mtu mmoja tu, Dina. Aliniambia kwamba miezi ile alikuwa na raha ambayo hakuwahi kuipata. Mjini watu walimuuliza Dina kama Mika hajambo, na yeye peke yake ndiye aliyeweza kujibu.

Mwaka uliofuata serikali ilitaifisha majumba ya kupangisha, na jumba la nduguye Ratilal kule Tanga likawamo. Ukoo ukaanza kuzungumza habari ya kuhama. Hansa akaposwa na kijana wa kwao aliyekuwa anasoma Uingereza, na harusi ikapangwa Februari, palepale Lushoto.

Siku moja ya soko, mwezi wa kwanza, Hansa alimfuata Dina kwenye viazi vyake. Aliinama akamsalimu shikamoo kama alivyozoea tangu utoto. Mkononi alikuwa na bahasha.

"Dada Dina, sijui kijiji cha Mika. Naomba umpelekee hii."

Akamweleza yaliyomo. Katika harusi yao bwana na bibi harusi huzunguka moto, na katika kila mzunguko kaka wa bibi harusi humimina shayiri na ufuta mikononi mwao, nao huzitia motoni. Jamaa za bwana harusi walitaka atafutwe binamu wa Tanga. Hansa alikataa mbele ya wazee wote.

"Nimewaambia kaka ninaye," alisema. "Na baba ameniunga mkono."

Dina alisema atampelekea. Akaifunga bahasha kwenye pindo la kanga yake.

Lori la viazi lilishuka Korogwe, njia ya Handeni, kila Jumanne, na dereva alikuwa jirani. Jumanne ya kwanza Dina alisema moyoni kwamba bado mapema. Ya pili mvua ilinyesha. Ya tatu aliifungua barua akaisoma, kwa ule usomaji wake wa darasa la tatu, herufi kwa herufi. Mwishoni Hansa aliandika: "Usipokuja nitajua una sababu, wala sitakuuliza." Dina aliniambia maneno hayo ndiyo yaliyomharibu. Kama Hansa angemlaumu Mika mapema, angemgombeza, angemwamuru, Dina angeipeleka. Lakini kuaminiana kule kulimchoma kuliko chanuo. Akaikunja barua, akaiweka chini ya unga kwenye kapu. Jumanne ya nne lori lilipita, akalisikiliza mpaka likaisha kwenye kona.

Siku ya harusi alikwenda. Asingekwenda wangeshangaa, na zaidi ya hapo alitaka kuona. Alichukua kikapu cha plamu akavaa nguo yake ya kanisani. Uani, pale alipofulia nepi za Mika, palikuwa na nguzo nne zilizofungwa vitambaa na maua, na katikati moto mdogo kwenye chombo cha chuma. Kuhani kutoka Tanga alikuwa anasoma, anatia samli, anasoma. Hansa alikuwa amevaa sari nyeupe yenye pindo jekundu, mikono yake imechorwa hina. Kila mlango wa ua ulipolia, alinyanyua macho.

Kuhani alinyamaza, akasema jambo kwa Kigujarati. Dina hakuhitaji tafsiri. Alikuwa ameuliza kaka yuko wapi. Mashangazi wakanong'onezana, na binamu wa Tanga, ambaye bila shaka alikuwa ameambiwa ajiweke tayari, akaanza kufungua vifungo vya koti. Hansa akamtazama Dina. Dina akajua anatafutwa jibu, akatikisa kichwa: hakuja.

Hansa hakulia. Alimwambia baba yake kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika mpaka barazani:

"Mika yuko mbali kwenye kazi ya taifa. Lakini dada yake huyu hapa. Aliyemlea ndiye asimame badala yake."

Kuhani alisema kazi ile ni ya mwanamume wa nyumba. Mzee Ratilal akamjibu kwa upole kwamba mtoto amesema, na kwamba fundi Kristofa aliishi katika ua huu miaka kumi na saba. Kuhani akafikiri, kisha akaashiria maji.

Dina alinawa mikono, akapewa sinia la nafaka. Akasimama ubavuni mwa yule binti ambaye yeye alimchukia karibu nusu ya maisha yake. Alipomimina mara ya kwanza alimimina kwa pupa, punje nyingi zikaanguka chini.

"Taratibu, dada," Hansa alimnong'oneza.

Nilimuuliza shangazi alihisi nini pale. Nilitegemea aseme aibu, na aibu ilikuwapo, lakini hakuishia hapo. Alisema kwamba hata akiwa anamimina shayiri, moyo wake ulikuwa bado unafurahi kidogo kwamba si Mika aliyesimama pale. Ndipo alipojiogopa.

Hansa aliondoka mwezi wa tatu. Mika alikuja likizo ya Pasaka, na swali lake la pili, baada ya afya ya watu wa nyumbani, lilikuwa habari za Hansa. Dina akaingia ndani, akarudi na bahasha yenye unga, akamkabidhi. Alikuwa ameandaa maneno mengi, akayasahau yote. Mika aliisoma amesimama. Dina akamwambia na habari ya mwalimu wa shule ya Jumapili pia, kwa kuwa alikuwa ameshaanza.

Mika aliikunja barua, akaitia mfukoni.

"Dada," alisema mwishowe, "ungeniambia nisiende, nisingeenda. Hukuwa na haja ya kuificha."

Hakula. Alishuka na lori la mchana ule, na hakukanyaga Malindi kwa miaka miwili na nusu. Salamu zake alizituma kwa watu. Mzee Ratilal alimpa anwani ya Uingereza kabla naye hajahama, na Mika akamwandikia Hansa. Alimwambia nini juu ya Dina, baba hakusema hata kwangu. Ninachojua ni kwamba majibu yalikuja, na yaliendelea kuja mpaka nikaanza shule.

Danieli ndiye aliyewapatanisha, bila hotuba. Alisafiri mwenyewe mpaka Handeni, akalala siku mbili dukani kwa Mika, akarudi naye. Walipoonana hawakulizungumza jambo lile. Mika alitengeneza paa lililokuwa linavuja, Dina akampikia makande, wakala sahani moja.

Mwaka wa sabini na tano Mika alimleta mchumba wake, Secilia, msichana wa Gare, Mkatoliki. Huyo ndiye mama yangu. Mama husimulia kwamba jioni ile ya kwanza wifi yake alimwita jikoni, akafunga mlango, na yeye akadhani ameitiwa kuhojiwa mambo ya dini. Dina akamwambia hivi:

"Mimi nina wivu na lumbu yangu, na sidhani utaisha. Ukiniona nimenyamaza sana, usiniulize kitu. Nitume kuni."

Mama alimtuma kuni mara nyingi sana. Shangazi alikwenda, akachelewa huko, akarudi na mzigo, wakapika.