Toazi la Khaemba

Wivu wa Dalmas Ogola haukuwa wa mwanamke wala wa ng'ombe. Ulikuwa wa toazi, ile sahani ya shaba inayopigwa pamoja na ngoma, na ulimwingia siku kijana Khaemba alipolileta kwenye ukumbi wa wafanyakazi wa reli, Nakuru, mwaka wa 1956. Alikuwa amepewa na mzungu mmoja wa Njoro aliyefunga mizigo kurudi kwao. Kapewa hivi hivi tu! Dalmas alikuwa amepiga ngoma tangu akiwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza, vitani Burma, na mpaka leo toazi lake lilikuwa na ufa na sauti ya sufuria iliyoanguka.

Hiram, kiongozi wa bendi, alimwita. "Dalmas, wewe ndiye unajua hizi vitu. Tuangalilie. Kama ni ile ya zamani ya Waturuki, mafundi wa toazi kuliko wote, Khaemba atapiga dansi ya Krismasi. Kama ni ya kawaida, kiti cha ngoma ni chako kama kila mwaka."

Dalmas akalipeleka dirishani. Mkuu wa bendi ya jeshi alikuwa amemfundisha vizuri: la mashine lina alama za nyundo zilizojipanga mistari, la mkono lina alama zilizotawanyika ovyo. Hizi zilitawanyika ovyo. Kisha akaona mhuri, umefifia karibu kwisha, herufi zake za Kiarabu. Moyo ukamlipuka. Waturuki waliacha herufi hizo mwaka wa 1928, kwa hiyo toazi hili halingeweza kuwa changa kuliko hapo, na huenda lilimzidi yeye mwenyewe umri. Angetoa jino kulipata. Na mwenye toazi alikuwa kijana wa juzi asiyejua hata kushika vijiti!

"Hii ni ya juzi," akasema. "Bati ya kiwanda."

Khaemba akanywea. Dalmas angeweza kuachia hapo, lakini wivu haushibi upesi. Akamwambia kwa upole wa mjomba, "Lakini imechafuka sana. Isugue kama shaba ya injini. Usiache alama yoyote."

Pale shedi ya injini za reli walikofanya kazi, kusugua shaba ndiyo ilikuwa fahari ya kila mtu. Injini isiyong'aa ilikuwa aibu ya waliopewa kuihudumia. Khaemba akachukua unga wa matofali na mafuta, akasugua kila jioni bila kuuliza. Dalmas alikuwa akipita, anatazama mhuri ukiisha, anaenda kula ugali wake kwa raha. Hata mkewe, Achola, alishangaa anavyopiga mluzi.

Jumapili alasiri, katika mazoezi ya mwisho, toazi la Dalmas lilipasuka kabisa. Hiram akasema, "Khaemba, hebu jaribu na hiyo bati yako, tumalize wimbo."

Khaemba akapiga, na sauti ikatoka pana, nzito, tamu, ikakaa hewani mpaka mpiga gitaa akasahau kuingia. Akina mama waliokuwa wakipanga viti wakasimama kusikiliza.

"Ajabu," Hiram akasema. "Bati ya kiwanda, na inalia namna hii. Huyu kijana ana mkono, jamani. Mkono wa kuzaliwa nao."

Wote wakaitikia: mkono, mkono wa Khaemba. Dalmas alivumilia sifa ya kwanza na ya pili. Ya tatu ilimchoma.

"Mkono gani?" akafoka. "Hana mkono wowote huyo! Ni toazi! Ni la Waturuki, la zamani, kabla hata hajazaliwa. Niliona mhuri wao na macho yangu!"

Khaemba akalifungua toazi kutoka kwenye chuma kilicholibeba, akaligeuza taratibu kwenye mwanga wa dirisha. Liling'aa tupu, pande zote mbili.

"Uliuona lini mhuri huo, Mzee?" akauliza.

Hiram akanyoosha mkono, naye Dalmas akampa vijiti.