Kamba ya Bastola ya Bwana Ofisa

Kila ninapotia mafuta cherehani yangu hapa Kianjokoma, harufu ile hunirudisha kwenye bastola ya bwana ofisa. Shule nilisoma mwaka mmoja tu, lakini bastola ile naweza kuwachorea hata leo: nzito, nyeusi, inakunjika shingoni ili imeze risasi sita, na chini ya mpini ina pete ya chuma. Mzee Njeru, jirani yetu aliyerudi kutoka vita vikuu vya pili huko Bama, alitueleza kwamba pete hiyo ni ya enzi za askari wa farasi. Farasi akikimbia, bastola ilikuwa inaanguka, kwa hiyo waliifunga kamba, wakaivaa shingoni. Farasi waliisha jeshini, pete ikabaki.

Siku za Emajensi, wakoloni walipopigana na wapiganaji wa msituni, tulifungiwa kijijini, handaki pande zote, baba yuko kizuizini. Kamba ya bastola ya ofisa Mzungu aliyetusimamia ikakatika. Nyaga, homgadi, mwenzetu aliyewalindia wakoloni kijiji, akaleta vipande kwa mama, msusi wa vyondo, vikapu vya mkonge.

“Mama Wanja, Bwana anataka mpya kesho asubuhi.”

“Mwambie saa nne. Mkonge haukimbizwi.”

Nilikuwa na miaka tisa na hasira ya mtu mzima. Mama alipoinuka, mtoto mgongoni, kukoroga githeri, nilichomeka nyuzi zilizooza katikati ya zile nzuri ili kamba ikatike tena. Akarudi, akaendelea kusokota juu ya paja lake, mara akasita. Paja lilikuwa limemwambia. Akafumua yote.

“Wanja, bastola hiyo ikipotea, ataitafuta kwa nani?”

Nikainama kuokota nyuzi alizozitupa. Ng'ambo ya mto ilipotea moja, kijiji kizima kikazuiwa kwenda shamba mpaka watoto wakaanza kuzikwa.

“Nimekuuliza.”

“Kwetu.”

“Basi leta mkonge mwingine. Na usiniletee upuzi.”

Akasokota upya, nyuzi tatu badala ya mbili. Alipomaliza aliifunga kwenye boriti, akaniamuru nining'inie. Nikaning'inia miguu hewani, nikiomba ikatike. Haikukatika. Ofisa aliivaa mpaka alipohamishwa.

Kwa miaka mingi nilimwona mama mwoga, na sikumficha. Nilipozaa wangu wanne ndipo nilipojua siku ile alikuwa akisokota huku anawaza nani: mimi, kaka yangu, na mtoto aliyekuwa mgongoni mwake. Bwana ofisa hakuwamo.