Bendera Ndogo kwenye Keki ya Eddah

Eddah alianza kushuku Jumanne, madam alipomwomba ikama yake, kile kibali cha kuishi Saudia, akaisoma, akamrudishia bila neno. Madam Turid na mumewe walikuwa Wanorwei, wana miezi minne tu katika nyumba ile ya Al-Hamra, Jeddah. Watu wapole. Lakini Eddah alishawafanyia kazi wapole wengine kule Al-Nuzha, wakamrudisha kwa wakala asubuhi moja bila kumwambia kosa lake.

Tangu siku hiyo, kila alipoingia jikoni mazungumzo yalikatika. Binti yao Ane, wa miaka sita, alificha kitu mgongoni akatoka mbio. Kisha Alhamisi madam akasema, "Eddah, kesho usiamke. Kaa kitandani mpaka tuje."

Alimpigia simu rafiki yake Serah, aliyekuwa Riyadh.

"Usiamke?" Serah akaguna. "Dada, hiyo ni halas, kazi imekwisha. Funga begi."

Akafunga.

Asubuhi mlango ulipobishwa, Eddah alikuwa ameketi kitandani na viatu miguuni. Wakaingia wote watatu na nguo za kulalia, baba amebeba sinia: mkate, yai, na keki ya krimu iliyochomekwa mshumaa na bendera ndogo nyekundu ya Norwei. Wakaanza kuimba. Katikati ya wimbo wakainama, wakazunguka, wakapiga hatua kama askari wa gwaride. Hata baba na mvi zake alizunguka.

Bwana Yesu, Eddah akajisemea, hii nayo ni dini gani?

"Heri ya kuzaliwa!" madam akasema. "Kwetu mwenye siku yake huamshwa kitandani." Kisha akaliona begi. "Unaenda wapi?"

Tarehe ya kuzaliwa iliyo kwenye ikama ya Eddah ilibuniwa na wakala wa Nairobi, aliyemwongezea miaka mitatu ili apate kazi. Labda ndio mtego wenyewe: akifurahi, amedanganya, akikana, karatasi zake ni za uongo.

"Nilidhani mnanifukuza, madam," akasema mwishowe. "Na leo si siku yangu. Wakala aliandika tu."

"Siku yako ni lini?"

"Sijui. Mama husema nilizaliwa watu wakivuna mahindi. Oktoba hivi."

Madam akaketi ukingoni mwa kitanda, uso umemwiva kwa aibu. "Pole, Eddah. Hakuna anayekufukuza."

"Basi Oktoba tutaimba tena!" Ane akadakia.

Eddah akashika kisu. Kipande cha kwanza alimkatia baba, akamtazama akitafuna mpaka akameza. Ndipo naye akala.