Jeneza la Mama

Nina shahada mbili, na kazi kubwa niliyoifanya kwa elimu yangu ni kusuluhisha ugomvi wa jeneza.

Lilikuwa jeneza la msikiti wa kijijini kwetu, la mvule, lenye nakshi ubavuni. Ndilo lililowapeleka maiti wetu wote makaburini, kisha likarudishwa msikitini kumsubiri mwingine. Mfadhili mmoja alipoleta jipya la aluminiamu, la zamani likatupwa nyuma ya birika kubwa la maji ya udhu. Kulichoma ilikuwa haya, na kulichukua nyumbani hakuna aliyethubutu, isipokuwa mama yangu.

"Lichukue, Bi," imamu alimwambia. "Utatupunguzia."

Mama akaliweka stoo, akapanga juu yake magunia ya karafuu yasipate unyevu wa sakafu. Miaka ikapita, hadi mnunuzi wa vitu vya kale alipokuja kutoka Unguja kutafuta milango. Aliliona jeneza akataja bei. Kufika alasiri, kijiji kizima kilikuwa na uchungu nalo.

Kamati ya msikiti ikasema ni wakfu, pesa zake ni za msikiti, na pampu ya kisima imekufa. Jirani akasema babu yake ndiye aliyelichonga. Mimi niliitwa kutoka mjini Chake nije nitumie akili.

"Mama, unataka nini?" nikamuuliza mbele yao.

"Ntachukuliwa nalo," akasema. "Mama yangu alikwenda nalo, baba yako alikwenda nalo. Siye wanawake hatufiki makaburini, tunaliona likitoka uani tu. Na mie nataka kutoka nalo. Lenu lile jipya linalia kama baiskeli."

Nikatoa hukumu, nayo nikaiona ya busara mno: jeneza ni la msikiti, ila halitauzwa mpaka mama ashalitumia. Wote wakaitikia. Nilirudi Chake nimevimba kichwa.

Sikufikiria kwamba nimekipa kijiji kizima sababu ya kumsubiri mama yangu afe.

Tangu azaliwe hajapata kujuliwa hali namna hii. Akikohoa, kamati inaleta samaki. Mnunuzi hunipigia simu: "Bi hajambo?" Nikimwambia hajambo, hunyamaza kidogo ndipo aseme alhamdulillahi. Nimechoka na alhamdulillahi ile.

Mwezi uliopita mama alishikwa na mafua. Nilipofika nilimkuta mwenyekiti wa kamati yuko na mama barazani, samaki wawili aina ya changu mkononi.

"Hali, Bi?"

"Naendelea."

"Unaendelea vipi?"

"Kwa miguu, mwanangu. Bado sijahitaji kubebwa."

Mwenyekiti alicheka, jicho lake likienda kwenye mlango wa stoo. Alipoondoka, mama akaniambia nishushe magunia alifute jeneza. Niliposhusha la mwisho nikaona unga mwembamba wa mbao sakafuni. Bungua, wadudu wala mbao, wameingia. Nilibonyeza mguu mmoja wa jeneza, kidole kikazama.

"Mama, hili linaliwa."

"Nnajua."

"Wakijua watalitaka leo leo, kabla halijaharibika bei."

"Basi usiwambie." Alikuwa akifuta nakshi kwa upindo wa kanga, taratibu. "Litanifikisha?"

Nililitikisa. Likatoa mlio mdogo, likatulia. Mama amekonda siku hizi. Hilo nilikuwa sijalisema hata moyoni.

"Litakufikisha," nikasema.

Simu ikaita mfukoni. Niliiacha iite, nikaenda kutafuta ufagio.