Nani Anadokoa ARV Zangu?

Mwizi aliyeingia chumbani kwangu aliikuta simu kitandani, akaiacha. Akaikuta pochi, akaiacha.

Akaiba ARV.

Ndiyo, umesoma vizuri. Dawa za ukimwi. Mpaka leo nikikumbuka nakasirika upya.

Mimi ni fundi cherehani. Nina virusi, mwaka wa kumi na moja huu. Mume wangu hana. Dawa nameza kila siku saa moja asubuhi, na vipimo vyangu vilikuwa vinatoka safi: virusi havionekani, simwambukizi mtu. Daktari mwenyewe alituita wote wawili akasema, "Sasa mnaweza kutafuta mtoto."

Wiki hiyohiyo nikashona nguo tatu za kichanga. Kiherehere changu hicho.

Kliniki wananipa dawa za miezi mitatu. Safari ile zikaisha siku kumi na sita kabla ya tarehe.

Nikajilaumu mwenyewe. Labda nilimeza mara mbili, labda zilimwagika. Kwenda kumwambia nesi nikaona aibu, maana nesi wetu ana mdomo. Nikanyamaza nikisubiri tarehe. Mume wangu naye sikumwambia. Hilo kosa ni langu, silikwepi.

Tarehe ikafika, nikapewa dawa nyingine, nikatolewa damu. Wiki iliyofuata nesi akanipigia.

"Dada, virusi vimeonekana. Njoo na mume wako."

Mume wangu akapimwa. Hana. Lakini akaambiwa arudi baada ya miezi mitatu kuhakikisha, kondomu zirudi, na habari ya mtoto isimame kwanza.

Kurudi nyumbani alitangulia mbele, akaniacha nyuma. Zile nguo za kichanga nikazisukumia uvunguni.

Sasa, kopo langu huwa naliwekea pamba ndani. Tunaotumia tunajua: bila pamba vidonge vinacheza, ukipita na mkoba barabara nzima inasikia. Kwa kuwa nilihesabu dawa mpya nikakuta nazo zimepungua, nikajua kuna mkono wa mtu. Nikatoa pamba, nikarudisha kopo palepale kabatini, nikakaa kwenye cherehani barazani.

Mchana mdogo wangu wa mwisho akaja kula, kama kawaida yake. Tunamwita Mapozi. Anachomelea mageti, lakini akioga na kujipulizia manukato utadhani bwana harusi. Akapita ndani, eti ananawa.

Nikatoa mguu kwenye cherehani.

Kacha kacha kacha.

Nilimkuta na vidonge viwili kiganjani.

"Dada, subiri nikueleze..."

"Unieleze nini? Unaumwa?"

"Mimi? Wala! Najikinga tu. Wikiendi nikiwa na demu mkali nameza kimoja kabla, kimoja baada. Kondomu za nini siku hizi? Dawa zipo!"

"Nani kakudanganya?"

"Si wewe hapo? Miaka kumi na moja, umenenepa, una mume, unapiga kazi. Ukimwi wa siku hizi ni kama mafua, dada."

Nilimtandika na rula ya kukatia vitambaa. Mtu mzima, miaka ishirini na sita, nilimtandika mpaka rula ikavunjika.

Huyu mwaka wangu wa kwanza hakuuona. Hakuona nikitapika kwenye ndoo. Hakuona wateja wakija kuchukua vitambaa vyao kimyakimya wapeleke kwa fundi mwingine. Alikuwa mdogo, nikamficha nisimtie hofu. Alichokuja kukiona ni huu unene tu.

Nikamkokota kliniki na vumbi lake la chuma. Akapimwa.

Hana.

Akacheka! "Unaona, dada?"

Nesi akamtazama juu mpaka chini. "Hizo za kudokoa hazijakukinga, una bahati tu. Na usijione umepona, utarudi kupima tena. Dawa ya kinga kwa wasio na virusi ipo, tunatoa bure dirisha lile pale. Mbona hukuja kuomba?"

Mapozi akainamisha kichwa.

"Niliona aibu. Watu wangeniona kwenye foleni wangedhani ninao."

Yaani mafua! Mafua ambayo anaona aibu kuyapangia foleni! Akaona bora mimi nikose dawa, na shemeji yake anayemlisha kila mchana aponee chupuchupu.

Juzi miezi mitatu imetimia. Mume wangu kapima tena. Hana. Nililia pale kwenye benchi mpaka nesi akaniambia nawatisha wagonjwa. Virusi vyangu bado vinaonekana kidogo, kwa hiyo mtoto anasubiri.

Wakati najifuta machozi nikanusa manukato. Kwenye foleni ya lile dirisha kuna mtu kashusha kofia mpaka puani.

"Mapozi!" nikaita kwa sauti yangu yote. "Vua kofia!"

Foleni nzima ikageuka. Akavua. Masikio yalikuwa yamemwiva, lakini hakutoka kwenye mstari.

Na wewe unayesema dawa zipo: ni kweli zipo, na mimi ni shahidi. Lakini hukuwepo nilipokuwa natapika, kwa hiyo usiuchukulie unene wangu kama ruhusa ya kwenda kavukavu. Vaa kondomu, au kapange foleni mchana kweupe, kofia mkononi, uchukue za kwako.

Kopo langu liache.