Nimeshakula, Mama

Baba alishuka kwenye basi akiwa na upara mtupu, nami nikamwamkia kana kwamba nywele zake hazikuwahi kuwapo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Aneth. Joto la huku kwenu limenishinda, nikanyoa."

Hakuwa amewahi kufika Dodoma. Joto hilo alilijulia wapi?

Sababu nilikuwa nayo tayari. Mdogo wangu Joel alikuwa amefariki kwa homa, na kwetu Taveta, upande wa Kenya, baba aliyefiwa na mwana hunyoa. Lydia, tuliyetoka naye kwetu kuja kusoma chuo hapa Miyuji, alikwisha kuninong'oneza.

Sikulia. Nilikunja nguo zangu, nikaenda darasani.

Sasa Lydia huyo huyo alikuwa nyuma yetu pale stendi, amembebea begi mama, aliyeshuka pamoja na baba, wanatembea polepole.

Katika ukoo wetu, aliye ugenini haambiwi msiba akiwa na njaa. Hulishwa kwanza, akanawa mikono, ndipo akaambiwa. Kabla ya hapo, marehemu ni kama bado yuko safarini.

Basi nikaamua kutokula mbele ya wazazi wangu.

Cheka ukitaka. Mimi ndiye niliyekuwa nikisimama kwenye midahalo ya chuo kutetea ukweli usemwe palepale.

"Tumekuja kuitazama nchi unayosomea," baba alisema. Akakodi teksi ya Mazengo, Mgogo asiyeishiwa maneno, tukaenda Mpwapwa.

Kule kwenye kituo cha utafiti wa mifugo baba aliulizia mbegu za ng'ombe. Aliitikia kila jibu kwa kichwa, na sidhani kama alisikia hata moja.

Mama akafungua hotipoti ya wali.

"Kula kwanza, mwanangu."

"Tumbo, mama."

Hakubisha. Alifunika upesi, kama mtu aliyeambiwa mtihani umeahirishwa.

Mazengo akamgeukia baba. "Mzee, kwa jua la kwetu, juu ya kichwa hicho tutakaanga chapati!"

"Kaanga uuze," baba akajibu. "Si soko huria?"

Mama alicheka. Kisha akaziba mdomo kwa kanga, akatazama dirishani mpaka tunarudi mjini.

Kesho yake tulishika barabara ya Iringa hadi Mtera. Bwawa lilikuwa pana, limetulia. Nililitazama kama mtu anavyotazama ukuta.

Tuliketi kwenye kibanda cha mama lishe. Wakaletwa perege wa kukaanga na ugali. Mama akaanza kunichambulia miiba, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nilipoanza shule.

"Kula kwanza, Aneth."

Nikamtazama shingoni. Mifupa ilikuwa imetokeza. Sahani yake mwenyewe hakuigusa, na nikakumbuka kwamba hata Mpwapwa hakula. Kumbe kila nilipokataa chakula, nilimwacha na mzigo wake mikononi.

Nikala.

Sikusikia chumvi wala ndimu. Nilimmaliza samaki yule hadi kichwa, nikamwagiwa maji, nikanawa.

"Nimeshakula, mama."

Mama akamtazama baba. Baba akatazama maji.

"Lydia alinieleza palepale stendi," mama akasema. "Tunajua kwamba unajua."

"Sasa mbona mlinyamaza?"

"Ulikuwa hujala."

Mazengo alikuwa akija na mzaha mwingine mdomoni. Alipotuona, akavua kofia, akasimama pale pale juani.

Ndipo baba akalitamka jina. "Joel hatunaye tena."

Hata hapo machozi hayakunitoka. Nilisogeza tu sahani yangu pembeni, nikaivuta ya mama mbele yake, nikaanza kumchambulia miiba.

Ndugu zangu mlio masomoni ugenini, nami bado naamini ukweli usemwe. Ila mzazi akikutolea chakula huku sahani yake mwenyewe hajaigusa, usimwambie huna njaa. Kula, ili naye apate kusema.