Uvundo wa Taulo za Ukweni

Wifi yangu alikuwa na pua ya kunusa makosa yangu tu. Tulikaa nyumba moja Msambweni, yeye, mimi, mume wangu na mavyaa, mama yao. Kila masika taulo za nyumba ile zilinuka hata zikiwa ndiyo kwanza zimefuliwa. Ukijifuta uso, uso ndio unanuka.

"Nguo hunuka mkono wa aliyezifua," alikuwa akimwambia mama yake, nami nimekaa papo hapo.

Mkono wangu haukuwa na neno. Taulo niliziloweka kwa siki, nikazisuuza mara mbili, nikazianika. Yeye ndiye aliyezianua mbichi. Aliamini kuwa moshi wa udi hushika vizuri nguo yenye unyevu, basi alizitandaza juu ya tenga, chetezo chini, akazifukiza, kisha akazikunja na kuzifungia kabatini. Udi ulitoka upesi, uvundo ukabaki. Nilipomweleza, alinicheka. Kwao walikuwa wakifukiza kabla mimi sijazaliwa.

Mavyaa akakata shauri. "Mwanangu, kuanzia leo taulo na nguo za mumeo atafua wifi yako. Wewe fua zako."

Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulioniuma. Kunyang'anywa nguo za mumeo ni kuambiwa u mchafu, na majirani waliona nikianika kanga zangu peke yake kwenye kamba ya nyuma, karibu na choo. Mamangu aliniambia mkono usioweza kuukata, ubusu. Sikuubusu. Niliwachukia wote wawili.

Kisha wakaja wageni kutoka Gazi, jamaa za mchumba wa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Walikula pilau, wakanawa, wifi akapita na taulo. Shangazi wa bibi harusi aliinusa ya kwake, akaiweka chini polepole, akajifuta kwa leso yake. Aliyemfuatia akafanya vivyo hivyo.

"Mtuwie radhi," wifi akasema. "Huyu mke wa kaka yangu kufua kunamshinda."

Wageni wakanigeukia.

"Wifi, tangu Idi, mfungo mosi, sijagusa taulo ya nyumba hii," nikasema. "Mama ndiye aliyenikataza. Muulize."

Mavyaa aliinamia sahani yake. Wageni walikuwa wakimngoja.

"Ni kweli," akasema. "Anafua huyu binti yangu."

Asubuhi yake nilikuta beseni la taulo mlangoni pangu, limejaa. Nililibeba mpaka mlangoni pa wifi, nikalitua. Mavyaa alikuwa amesimama uani ananitazama. Nikamwamkia, shikamoo mama, akaitikia marahaba. Kisha nikaenda kuanika kanga zangu, safari hii kwenye kamba ya mbele.